Ndimi Ishirini za Kitasa

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana najua wako wanaosubiri nilifiche. Ndimi ishirini za kwanza za kitasa cha mlango wa gari, zile zilizopelekwa Ulaya kupimwa, hazikutoka kwenye mashine. Nilizichonga mimi, Gu Lingdi, fundi mwanamke wa daraja la nane, lililo la juu kabisa, kwa tupa na mkono huu. Nilikaa kwenye jiliwa langu, ile taya ya chuma ya kubania kazi, siku kumi na moja, na kila nilipomaliza ulimi mmoja niliufunga ndani ya karatasi ya sigara kama peremende. Hakuna aliyenishurutisha. Nilijiona, na nilijiona sana.

Kiwanda chetu kilikuwa uchochoroni, Zhabei, Shanghai. Watu themanini na sita, kiwanda cha mtaa, tukitengeneza kufuli za baiskeli na za masanduku. Kisha ikaanzishwa ile kampuni ya ubia nje ya mji, nusu yetu na nusu ya wageni, ya kuunda magari. Kuunda ni neno la heshima tu. Magari yalikuja vipandevipande ndani ya makreti ya mbao, watu wetu wakakaza skrubu, na jioni gari likatoka getini likipigiwa makofi. Vya kwetu ndani yake vilikuwa matairi, redio, na ule mwiba wa kunasia mawimbi ya redio. Wakubwa wa Beijing wakasema aibu hii iishe, vipuri vya nyumbani viongezeke, la sivyo makreti yatazuiwa bandarini. Wageni wakajibu sawa, ila kila kipuri kitapimwa kwao kwanza. Basi mji mzima ukapata wazimu. Waliokuwa wakitengeneza kengele za baiskeli wakaomba honi, waliokuwa wakifuma vyandarua wakaomba mikanda ya viti, na sisi wa kufuli tukaomba kitasa cha mlango.

Mkuu wa kiwanda alikuwa Pan Yonglin. Huyu alikuwa mwanafunzi wangu miaka ishirini nyuma. Nilimfundisha tupa miaka mitatu, na kila alichochonga kilitoka kimebinuka. Mkono ulimkataa, lakini mdomo ulimkubali, akapanda. Hata alipokuwa mkuu aliendelea kuniita Fundi, na mbele ya watu alinimiminia chai kwa mikono miwili. Ndiye aliyeniletea mchoro wa ulimi wa kitasa, kile kipande cha chuma kinachouma mlango ukifungwa, akasema wageni wanataka sampuli ishirini, na akaniuliza nani mwingine anayefaa kumwakilisha kila mtu hapa kama si mimi.

Msituhukumu haraka. Kila kiwanda cha mji ule kilifanya hivyohivyo. Kwetu sampuli ilikuwa ni zawadi ya kwanza, na mgeni humpi tunda lililogongwa, unampa lililo bora kuliko yote uliyonayo, kisha kazi ikianza mtaelewana. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa wenzetu sampuli ni kijiko cha mchuzi, unaonja kidogo ili ujue sufuria nzima ikoje. Wao walionja kijiko changu, wakaagiza sufuria.

Majibu yalikuja baada ya miezi saba. Pan aliyasoma wakati wa chakula, tumezunguka kabati la mvuke tunatoa bakuli zetu za wali. Ndimi zetu zilifungwa na kufunguliwa mara laki moja kwenye maabara yao na hazikulika. Zilishinda za kwao wenyewe. Siku ile tulipasua fataki uchochoroni mpaka majirani wakatutukana. Wiki iliyofuata Pan aliuza kalibu zote za kufuli, vile vyuma vya kukatia umbo lake, kwa bei ya chuma chakavu, kwa sababu sasa sisi ni watu wa magari. Hakuna aliyemzuia. Hata mimi nilisaidia kuzibeba.

Nyuma ya yale majibu kulikuwa na karatasi ya pili ambayo hatukuisherehekea kwa sababu hatukuisoma vizuri. Ulikuwa mchoro mpya. Wageni walipoona ulimi wetu ulivyo laini walisema, kama inawezekana, basi iwe hivyo siku zote. Wakakaza vipimo. Pale mchoro wa kwanza uliporuhusu chuma kizidi au kipungue kwa unywele mmoja, huu mpya uliruhusu nusu ya unywele. Kule kwenye ubia kila ofisi ina wakuu wawili, wa kwetu na wa kwao, meza zimetazamana, na karatasi haitoki bila mikono miwili. Mchoro ule ulikuwa na mikono yote miwili. Wa kwao alisaini kwa sababu alifurahi, na wa kwetu alisaini kwa sababu aliona fahari.

Mashine yetu ya kugandamiza ilikuwa ya mwaka hamsini na nane. Dada Qiao, aliyeiendesha, aliijua kama mtu anavyomjua mume mlevi, siku gani itatii na siku gani itapiga mateke. Kreti la kwanza tulilopeleka lilirudi na karatasi nyekundu ya kukataliwa. La pili likarudi. La tatu liliporudi Pan alikuja kwenye jiliwa langu ameshika chai, nikajua.

Aliomba kitu kidogo tu. Mkaguzi wa ubia huchukua ishirini za juu, basi nichonge ishirini za juu za kila kreti. Zilizobaki ziende zilivyo. Akanikumbusha kwamba kalibu za kufuli hazipo tena, kwamba ubia ukitukataa hakuna kingine cha kutengeneza, na watu themanini na sita watakaa nyumbani kufumua glavu za kiwanda wafume sweta. Nikachukua tupa. Nilichonga kwa miezi minne. Nawaambia idadi ya miezi kwa sababu baadaye Pan alipokuwa akisimulia alisema ni mara moja mbili.

Kilichonitoa usingizini ni jirani yangu wa ghorofa ya tatu, Bwana Xue, aliyekuwa akijaribu magari yakitoka kiwandani kwa ubia. Alikuja kuazima siki, akasimama mlangoni akacheka, akasema siku hizi milango ya gari lao hufungwa kwa nyonga, mara mbili mara tatu, na kwamba jana yake alipokata kona mlango wa nyuma ulifunguka wenyewe na chupa yake ya chai ikatoka ikaenda zake barabarani. Alisimulia kama kichekesho. Mimi nilimpa siki, nikafunga mlango, nikakaa kitandani. Pale pa chupa pangeweza kuwa pa mtoto wa mtu. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona, na haya hiyo kwangu huwa haikai sana, hugeuka hasira.

Kesho yake nilimwambia Pan kwamba sichongi tena. Akanijibu kwamba nimechagua wiki mbaya, kwa sababu mgeni anakuja Alhamisi. Bwana Rieger, mkuu wa ukaguzi wa upande wa kwao, alitaka kuiona kwa macho yake ile mashine inayotoa ndimi zilizoshinda za kwao. Na Pan alikwisha jipanga. Aliazima mashine ya kusaga chuma kutoka chuo kimoja cha ufundi, kubwa, ya kijani, na mtu wa kuvaa koti jeupe asimame kando yake.

"Na wewe Fundi," akasema, "Alhamisi una homa."

"Sina."

"Utakuwa nayo. Nimeshaandika kwenye kitabu cha mahudhurio."

"Basi futa. Wewe Yonglin nilikufundisha kushika tupa miaka mitatu hukuweza. Usijaribu leo kunifundisha mimi kuugua."

Alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaniambia polepole kwamba ikijulikana, tumekwisha, si yeye peke yake. Akataja watu kwa majina, mmoja mmoja, Dada Qiao na mumewe asiyeamka kitandani, mzee wa ghala, yule mama wa kabati la mvuke. Hakuwa anaigiza, machozi yalikuwa karibu. Nikamwambia hao wote nawajua kuliko anavyowajua yeye, na kwamba anachowapa si kazi, ni muda tu wa kusubiri mlango mwingine ufunguke kwenye kona.

Alhamisi nilikuja mapema kuliko siku zote. Nilifua ovaroli, nikachana nywele. Mashine ya kijani ilikuwa imepigwa kitambaa cha mafuta na inanguruma vizuri. Rieger alikuwa mrefu, akainama kupita mlango wetu, na nyuma yake mkalimani, Bwana Rong, mwalimu wa lugha aliyestaafu, mtu mpole ambaye hakupenda mtu yeyote akasirike karibu naye. Pan alianza hotuba. Nikaona Rieger anaitazama ile mashine kwa hamu kabisa, kama mtu aliyekuja kutoka mbali kumwona bibi harusi.

Nikamwambia Bwana Rong amwambie mgeni kwamba mashine hii imeletwa jana kwa mkokoteni na haijawahi kugusa ulimi hata mmoja. Bwana Rong aliniangalia, akasema maneno machache. Rieger akatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Nikajua kwamba alichotafsiriwa si nilichosema. Nikarudia, na Bwana Rong akasafisha koo, akasema kitu kifupi zaidi.

Sikuona haja ya kugombana na mkalimani. Nilichukua ulimi mbichi kutoka kikapu cha Dada Qiao, nikaubana kwenye jiliwa langu, nikachagua tupa, nikaanza kuchonga. Sauti ya tupa haihitaji mtu wa katikati. Rieger aligeuka. Alikuja akasimama juu ya bega langu, akatoa kioo chake cha kukuzia, akaufuata mkono wangu. Mtu wa koti jeupe alizima mashine ya kijani bila kuambiwa. Nilichonga upande mmoja tu wa ukingo, nikaufuta, nikampa. Aliutazama kwenye kioo, kisha akatoa mfukoni mmoja wa zile ishirini za kwanza, alikuwa anautembeza kama hirizi yule mtu, akazilinganisha. Nikaona shingo yake inakuwa nyekundu kuanzia chini kwenda juu.

Aliuliza mmoja huchukua muda gani. Nikamwambia nusu siku. Akauliza mikono kama yangu iko mingapi. Nikasema ilikuwa minne, miwili ilizikwa mwaka juzi. Safari hii Bwana Rong alitafsiri yote, niliona kwenye uso wa mgeni. Rieger akafunga kioo chake, akasema kwa sauti ya chini kwamba basi tumewadanganya kwa mwaka mzima, na kwamba akirudi ofisini ataandika mkataba uvunjwe. Pan alishika ukingo wa meza. Nyuma yangu Dada Qiao alizima mashine yake.

"Mwambie hivi," nikamwambia Bwana Rong, "na usinipunguzie hata neno. Ni kweli tumewadanganya, na ya miezi minne ni yangu, sikatai. Lakini nani aliyekaza mchoro? Sisi tuliomba kutengeneza ulimi kama wao. Wao wakaona mkono wa mwanamke mmoja wa Zhabei wakaufanya sheria. Sasa naomba alete za kwao, zile za ndani ya makreti kutoka kwao, tuzipime kwa mchoro huohuo wake mpya."

Rieger alisema haina haja, za kwao zinajulikana.

"Kama zinajulikana, anaogopa nini?"

Bwana Rong alilitafsiri hilo akiangalia viatu vyake. Rieger akamtuma dereva kule kwenye ubia. Tulisubiri hapo kwa muda wa saa mbili hivi. Hakuna aliyefanya kazi. Pan alinisogelea akaniambia nimemvua nguo sokoni. Nikamwambia nguo zenyewe alikuwa ameziazima chuoni.

Dereva alirudi na boksi ambalo gundi yake haijafunguliwa. Rieger alifungua mwenyewe, akachota ishirini kutoka katikati, akapima kwa kifaa chake. Alipima mmoja mmoja, akiandika. Alipomaliza alirudia upya, na mara ya tatu alibadilisha kifaa akaomba changu. Kumi na moja kati ya ishirini za kwao hazikupita mchoro mpya. Kwa mchoro wa zamani zilipita zote. Kisha nikamwambia achote na za kwetu, kikapuni, si juu. Kwa mchoro wa zamani zetu saba zilianguka.

"Saba ni mbovu," nikasema, na nilisema kwa sauti ili watu wetu wasikie. "Hizo usimlaumu mtu wa mchoro. Hizo ni za kwetu."

Sijui ni lipi lililomgusa, zile kumi na moja zake au zile saba zetu. Alikaa juu ya kreti, miguu yake mirefu haijui pa kwenda, akawaza. Mwishoni alisema mchoro wa zamani utarudi, atausaini yeye kwanza na mwenzake wa kwetu atafuata. Zilizokwisha fungwa kwenye magari zitang'olewa zipimwe upya. Na sisi atatupa miezi mitatu. Siku ya mwisho atakuja mwenyewe, atachota ishirini kwa mkono wake, na ulimi mbovu ukizidi mmoja, kwaheri. Alipofika mlangoni akainama, akageuka, akasema kitu. Bwana Rong akanitafsiria kwamba kuanzia leo hataamini kitu chochote kinachotoka mkononi mwangu. Nikamjibu kwamba anafanya vizuri.

Miezi mitatu ile sikugusa ulimi hata mmoja. Nilifanya kitu ambacho fundi yeyote mwenye akili angekifanya tangu mwanzo, kama si kujiona: niliipeleka tupa kwenye kalibu. Kalibu ndiyo inayokiambia chuma kikatike vipi. Ukiichonga hiyo sawasawa mara moja, mashine inakuchongea ndimi elfu kumi wakati wewe unakunywa chai. Kalibu yetu ilikuwa imelika midomo, na tulikuwa tunaidai itoe kitu ambacho haikuwa nacho. Niliichonga wiki tano. Nikakosea, nikaitupa, nikaanza nyingine. Dada Qiao alifungua mashine yake yote, akabadilisha bushi za shaba za kushikilia mhimili, zilizolegea tangu enzi za mama yake, maana ni mama yake aliyeiendesha kabla yake. Tulikuwa tukipima kila saa na kuandika ubaoni, mbovu ngapi, kwa nini. Mwanzoni ilikuwa nane katika ishirini, kisha nne. Watu walikuwa wakija kuangalia ubao kabla ya kwenda kula.

Siku moja kabla ya Rieger kuja, mchana, Pan alinijia na leso. Ndani yake ndimi ishirini mbichi. Aliziweka kando ya jiliwa langu, akasimama.

"Ondoa," nikamwambia.

"Kwa usalama tu, Fundi. Tunaziweka pembeni. Zisipohitajika hazitumiki."

"Yonglin, zikiwepo zitahitajika."

Alizikusanya. Kwa kumtendea haki, alizimwaga mwenyewe kwenye pipa la chuma chakavu, na wote tulisikia zikianguka.

Rieger alifika saa tatu asubuhi. Mezani tulimwekea kikapu kimoja cha kazi ya wiki ile, ndimi mia nne, kama zilivyotoka. Alikunja mkono wa shati, akauzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota. Alichota mara tano, nne nne, kutoka pembe zote na kutoka chini kabisa. Kisha akapima.

Wa kwanza ukapita. Wa tano ukapita. Wa kumi na tisa ukapita, watu wameshaanza kushikana mikono. Wa ishirini ukapita. Hakuna hata mmoja mbovu. Mama wa kabati la mvuke alianza kupiga makofi na wengine wakamfuata, na Pan alikuwa amekwisha shika chupa ya mvinyo wa mpunga.

Rieger hakupiga makofi. Alitoa kioo cha kukuzia, akaanza kuzigeuza zile ishirini kwenye mwanga, mmoja baada ya mwingine, anatafuta kitu. Nilijua anatafuta nini kabla hajasema. Makofi yakafa. Bwana Rong alinisogelea akanong'ona kwa huzuni ya kweli.

"Fundi Gu, anauliza hizi ulizichonga lini."

Nimezeeka, nimetukanwa na watu wengi, wa kwetu na wa nje, lakini sikumbuki neno lililoniingia kama lile. Na baya zaidi, alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimpa haki hiyo mimi mwenyewe kwa miezi minne. Kwa hiyo sikulia wala sikuapa. Nilishika kikapu kwa mikono miwili, nikakimwaga chote mezani, ndimi zikaenea mpaka ukingoni, nyingine zikaanguka sakafuni na watu wakaziokota.

"Mwambie apime zote."

Bwana Rong akasema ni mia nne, itachukua siku nzima.

"Nina siku nzima. Mwambie mkono wangu nusu siku hutoa mmoja. Mia nne ni siku mia mbili, na mimi nilipewa tisini. Hesabu anaijua. Apime."

Rieger alinitazama, akavua koti, akavuta kiti. Akapima.

Hakuna aliyeondoka. Zamu ya asubuhi ilikwisha, wakabaki, zamu ya mchana ikaja ikasimama nyuma yao. Dada Qiao ndiye aliyehesabu kwa sauti. Hamsini, zote nzima. Themanini, zote nzima. Bakuli za wali zilitolewa kwenye mvuke zikapoa bila kuguswa, Rieger mwenyewe alikula huku anapima, wali na mboga ya chumvi, kwa kijiko cha mtu. Mia moja, zote nzima. Na hapo nikaanza kuona nyuso za watu wangu zinabadilika. Tulivyozidi kuwa wazuri ndivyo tulivyozidi kuonekana waongo. Hakuna mashine ya mwaka hamsini na nane inayotoa ndimi mia moja bila kukosea, na sisi ndio tuliojua hilo kuliko mtu yeyote. Mia moja na thelathini. Pan alikuwa jasho linamtiririka, ananiangalia kwa jicho la mtu anayejiuliza kama sikuchonga kweli. Mia moja na hamsini. Nilikuwa nimesimama pale, fundi wa daraja la nane, naomba moyoni kazi yetu iharibike.

Wa mia moja na sitini na tatu, mshale wa kifaa ulisimama mahali pengine.

Rieger aligeuza ulimi, akapima tena. Akaufuta kwa kitambaa, akapima mara ya tatu. Kisha akauinua juu, tuuone wote. Ulikuwa mbovu, kwa unywele na kidogo.

Dada Qiao alisogea akautazama kwa karibu, akautambua kama mtu anavyomtambua mtoto wake katikati ya watoto wa shule.

"Huo wangu," akasema. "Wa Jumanne, kabla sijabadilisha mafuta."

Kicheko kilianzia kwake. Kikaenda kwa mzee wa ghala, kikaenda kwa zamu zote mbili, watu wanapigana migongo, wanaupokezana ulimi mbovu kutoka mkono hadi mkono kama mtoto mchanga. Pan alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Bwana Rong alitafsiri habari ya Jumanne na mafuta bila kupunguza neno, na Rieger akacheka mpaka akatoa miwani. Kisha akavuta karatasi yake, akafungua kalamu, akatafuta mahali pa kusaini.

Niliweka mkono wangu juu ya karatasi.

Pan akaniita kwa sauti ya kubembeleza, Fundi, Fundi jamani, inatosha. Sikumwangalia. Nilimwangalia yule aliyesema hataamini kitu kinachotoka mkononi mwangu.

"Mwambie afunge kalamu," nikamwambia Bwana Rong. "Bado mia mbili na thelathini na saba."